Bibi amefariki mkeka ukiwa nusu, na maneno yake yamekatika katikati. Tuumalize?

MjukuuWaKonde

Assalaam aleikum, na kwa wengine habari za saa hizi.

Natafuta watu wanaojua kusuka, au waliowahi kuachiwa kazi nusu na marehemu wao. Maelezo ni marefu kidogo, mnivumilie, maana nikiuliza kwa mkato mtanijibu kwamba mikeka inauzwa sokoni.

Bibi yangu mzaa mama amefariki mwezi uliopita kijijini kwetu, kaskazini Pemba, ukitoka Konde kuelekea msitu wa Ngezi. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote. Yeye mwenyewe akisema kwamba Mapinduzi ya 1964 yalimkuta kigori, anasuka ukili wake mwenyewe, yaani ule utepe mrefu unaoungwa kuwa mkeka, na kuuza.

Kazi yake ilikuwa hiyo mpaka mwisho. Mikeka ya ukindu ya kulalia, misala ya kusalia, makawa ya kufunikia vyakula, vipepeo, na majamvi ya miyaa ya kuanikia karafuu. Hayo majamvi ndiyo yaliyotulisha. Msimu wa karafuu ukikaribia, wenye mashamba wakija kuagiza, na bibi akiwauliza swali moja tu: "La mwaka jana limekwenda wapi?" Mtu akijibu limeoza kwa mvua, anapewa somo kabla hajapewa bei. Jamvi la bibi halikuoza, ati, liliozeshwa. Mama anasimulia kwamba miaka ya mwanzo ya 1970, vyakula vilipokuwa vya mgao na foleni, bibi aliacha kabisa kupokea fedha. Ukitaka jamvi, njoo na mchele au unga.

Alikuwa akikaa barazani, mguu mmoja kaunyoosha, ncha ya ukili kaibana kwa kidole gumba cha mguu. Ubavuni kwake kifuu cha maji. Anachovya vidole, analainisha chane, ule ukanda mwembamba wa jani, anaibana kwa ukucha, juu ya mbili, chini ya mbili, wala hatazami. Macho yake yalikuwa kwetu sisi watoto wa chuo cha Qurani tuliokaa mbele yake, kila mmoja anasoma sura yake kwa sauti yake. Kelele tupu. Na ndani ya kelele hizo akimsikia aliyekosea. "Rudi." Hakusema nani. Aliyekosea akijua, na wengine wawili watatu ambao hawakukosea kitu nao wakirudi kwa hofu.

Adhana ikilia, chane iliyo mkononi haimaliziwi. Anaiacha hapo hapo ilipofika, hata kama imebaki kuikunja tu, anakwenda kutawadha. Nilipokuwa mdogo nilimwambia, bibi si umalizie hiyo moja? Akanijibu, "Wewe ukiitwa na mwalimu humalizia kucheza?" Kumbe nilikuwa namalizia kila siku, lakini sikumwambia.

Sasa niingie kwenye maneno.

Bibi hakusoma skuli. Alisoma chuoni tu, akawa anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, vizuri sana. Hizi A, B, C alizijua kwa mikono. Alianza kwa kuiga majina ya kanga: anaitandaza kanga, anahesabu, anaifuata herufi kwa chane nyeusi na nyeupe. Kisha akawa ananituma nimwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na nilipofika darasa la sita hakunihitaji tena. Gazeti hawezi kulisoma, lakini neno lolote ukimtajia analitoa kwenye ukili, na halikosei.

Watu wakija na maneno yao ya kuandikiwa, hasa wenye harusi. "Mungu ibariki ndoa hii." Akiwarudisha. Hakuna jina la Mungu kwenye mkeka wa bibi, hata ungempa nini. "Jina la Mungu halikaliwi matako," basi, mjadala umekwisha. Siku moja nikamchokoza, mbona kanga uliyovaa imeandikwa Mungu? Akasema hii naivaa, siikalii. Na kweli, toka siku ile nikawa namtazama: kila akitaka kukaa, anaukusanya upande wenye maandishi anauweka mapajani, ndipo anakaa. Misala nayo hakuiandika neno lolote, si la dini si la dunia. Nakshi tu. "Msala haupigi soga."

Kwa hiyo maneno ya mikeka yakawa ya kwake, ya kutunga mwenyewe, na mteja hachagui. Wa nyumbani kwetu ulisema KARIBU UKAE SI UKAGUE. Kuna biharusi mmoja wa jirani aliyekuwa anakwenda kwa mama mkwe anayejulikana kijiji kizima kwa ukali, bibi akamsukia MKWE NAYE ALIKUJA MGENI. Mama mkwe mwenyewe hajui kusoma, akaukalia mkeka ule kwa raha zake miaka mingi, na kila mgeni anayejua kusoma akiinama kuficha meno.

Naandika yote haya kwa sababu siku ya khitma msemaji mmoja alisimama akamsifu marehemu kwa upole, unyamavu, na kutojibizana na mtu. Mama mkubwa ilibidi anikanyage mguu nisicheke. Mcha Mungu, ndiyo, na sikumwona mwingine kama yeye. Majamvi yake yaliazimwa kwenye kila msiba wa kijiji bila senti, na asubuhi ya tatu anakwenda mwenyewe kuyahesabu na kuyakagua, na kama kuna lililomwagiwa chai anataka kujua ni nani. Huyo ndiye ninayemtaka akumbukwe. Yule wa kwenye hotuba simjui.

Na sasa mkeka wenyewe. Siku ile alikuwa anasuka ukili wa maneno, adhana ya alasiri ikalia, akauacha. Akasali, akasema kichwa kinamuuma, akalala. Hakurudi tena barazani. Sehemu kubwa ya mkeka imekwisha kuungwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, rangi tatu, mzuri ajabu. Ukili wa maneno uko pembeni umekunjwa, chane zimeachwa zinaning'inia, na umeandikwa hivi:

AJAYE KWETU NA A

Hapo umekatika.

Mama mkubwa anataka tuumalize, na anaapa neno ni ADABU. Mjomba anataka tuuache ulivyo, autie kwenye fremu ya kioo nyumbani kwake Dar. Mama hasemi. Mimi kusuka ukili wa kawaida naweza, wa herufi siwezi. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Na hilo neno mnaonaje?

---

Mtumbwi99

Poleni sana dada. Allah amrehemu, amfanyie wepesi.

Mimi nasema AMANI. Ajaye kwetu na amani. Halafu huo MKWE NAYE ALIKUJA MGENI nimecheka peke yangu ndani ya daladala mpaka konda kaniuliza.

---

MjukuuWaKonde

Ahsante kaka. Amani nilifikiria, lakini humjui bibi. Amani angesema ni ya kwenye kadi za harusi.

---

Msusi wa Makunduchi

Pole mwanangu. Mimi ni mtu mzima, kijana wangu ndiye anayeniandikia huku, kwa hiyo nikichelewa kujibu msidhani nimekimbia.

Kwanza huyo bibi yako nimemwelewa. Na sisi huku kwetu kumalizia chane baada ya adhana tulikuwa tunapigwa vidole.

Pili, waambie hao wanaobishana wanyamaze, wapime. Neno haliwezi kukisiwa kwa tabia ya mtu, linakisiwa kwa nafasi. Mkeka umeshaungwa, kwa hiyo urefu wake unajulikana. Ukili wa maneno lazima ufike urefu huo huo, usizidi usipungue. Nataka unipimie vitu vitatu: urefu wa mkeka, nafasi tupu kabla ya herufi ya kwanza, na kila herufi imekula kiasi gani pamoja na mwanya wake. Usipime kwa tepu ya fundi cherehani. Pima kwa vidole na shibiri, na mkono uwe wa mtu mwenye mkono kama wa marehemu. Tukisuka hatuna tepu, tuna mkono.

Tatu, hiyo nyeusi ya herufi ni ya nini? Ya unga wa dukani au ya mdaa, ile ya kuchemsha mizizi? Itazame juani. Ya dukani huwa na ubuluu ndani yake. Ya mdaa ni nyeusi ya masizi, imetulia. Kama ni ya mdaa, msije mkaungia ya dukani juu yake, itaonekana kama kiraka mpaka siku ya kiama.

---

Fundi wa Vyungu

Habari zenu. Mimi si Mwislamu na si mtu wa pwani, lakini hadithi hii imenigusa nikashindwa kupita.

Bibi yangu alikuwa Mkisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, Kyela. Bibi zetu kule wanafinyanga vyungu, vinapakiwa kwenye mitumbwi mpaka soko la Matema, na kutoka hapo vinakwenda mbali. Alikuwa Mkristo wa kweli, Jumapili haigusi udongo wala hawashi moto wa kuchomea, hata kama wateja wamejaa. Akifinyanga anaimba tenzi za kanisani, na alikuwa na kawaida ya kukizungusha chungu kwa mdundo wa wimbo. Wimbo ukiwa wa polepole, chungu kinatoka kinene. Sisi wajukuu tulikuwa tunamwomba aimbe za haraka ili tusibebe mizigo mizito.

Alipofariki aliacha vyungu vinne vimekauka, havijachomwa. Wajomba wakasema hivi tusiviguse, ni mikono yake. Vikawekwa darini kwa heshima kubwa. Masika ya kwanza bati likavuja usiku. Chungu ambacho hakijachomwa kikiingia maji kinarudi udongo, ndugu zangu. Asubuhi tulikuta tope.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mama mkubwa wako. Na huyo mjomba mwenye fremu, mwambie Dar kuna mende na unyevu, ukindu unaliwa ndani ya kioo hicho hicho huku anauangalia.

---

Ustadh wa Mtaani

Wa aleikum salaam. Allah amghufirie bibi yetu, na chuo chake barazani kiwe sadaka inayoendelea, kwani kila aliyesomeshwa pale akisoma na yeye ana fungu lake.

Nimesoma maoni yote, na nimeshangaa kwamba hakuna aliyeuliza: mkeka huo ni wa nani?

Kama bibi alikuwa anasuka kwa kuuza, na umeshafika hatua ya maneno, basi inawezekana kuna mtu aliyeuagiza, na pengine ameshatanguliza fedha. Ikiwa ndivyo, hapa hakuna cha fremu wala cha hisia. Hilo ni deni. Katika mali ya maiti kinachotangulia ni gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha ndipo warithi wagawane. Mjomba hawezi kupewa mkeka wa mtu mwingine. Ama mnaumaliza na kuukabidhi, ama mnamrudishia mwenyewe fedha yake, ama yeye kwa ridhaa yake anasamehe. Muulizeni yeye, si jukwaa.

Je, aliacha maandishi yoyote?

---

MjukuuWaKonde

Ustadh, jazaka Allahu khayran. Umetupiga mahali penyewe.

Daftari lipo. La skuli, lile la jalada gumu, limeandikwa lote kwa herufi za Kiarabu. Mimi ninazisoma kwa kuunga unga, kwa hiyo jana tulikaa na mama mkubwa akatusomea. Tulidhani tutakuta mashairi. Kurasa zote ni madeni. Nani kachukua jamvi, nani kalipa, nani kasema atalipa akishauza karafuu, na pembeni ya baadhi ya watu ameandika "muongo". Mjomba alitokea mle ndani mara mbili.

Ukurasa wa mwisho una huyu mteja. Mama mmoja wa Chake Chake, mkeka wa harusi ya mtoto wake wa kiume, rangi tatu, ametanguliza 30,000, biharusi ni mtu wa Unguja anahamia kwao, harusi baada ya mfunguo sita (mwezi wa Maulidi). Maneno hayakuandikwa. Mama mkubwa amempigia simu. Yule mama alikuwa hajasikia msiba, akalia sana, kisha akasema fedha hataki, anausubiri mkeka wake, na kuhusu maneno alikuwa amemwambia bibi aandike atakalo. (Kama vile alikuwa na njia nyingine.)

Kwa hiyo la kumaliza au kuacha limekwisha. Mjomba amenuna kidogo, tumemwahidi msala.

Bi Msusi, vipimo hivi hapa. Amepima mama mkubwa, mkono wake na wa bibi ni mmoja, hata pete walikuwa wakiazimana. Mkeka una urefu wa pima moja kamili, yaani shibiri 8. Nafasi tupu ya mwanzo ni vidole 10. Kila herufi na mwanya wake vidole 4, na mahali pasipo na herufi, kati ya neno na neno, vilevile vidole 4. Kutoka ile A ya mwisho mpaka unapotakiwa kuishia urefu wa mkeka, vimebaki vidole 22.

Na nyeusi ni ya mdaa. Tumeitazama juani kama ulivyosema, haina ubuluu hata chembe.

---

Msusi wa Makunduchi

Umepima vizuri. Shibiri 8 ni vidole 96. Kumi vya mwanzo, 64 vya maandishi, 22 vilivyobaki, hesabu imekaa sawa, kwa hiyo mama yako mkubwa hakunidanganya.

Sasa sikiliza. Msusi anayejiheshimu anaacha mwisho kama alivyoacha mwanzo. Toa 10 kwenye 22, zinabaki 12. Vidole 12 ni herufi tatu. ADABU baada ya A inataka herufi nne. AMANI nayo nne. Hayaingii, labda bibi yenu awe mtu wa kubananisha herufi mwishoni kama mwandishi wa mabango ya barabarani. Alikuwa hivyo?

Mie nasema neno ni AKAE. AJAYE KWETU NA AKAE. Huo ni mkeka, mwanangu, kazi yake ni watu kukaa. Na biharusi anavuka bahari kutoka Unguja kuja kwa watu asiowajua. Anaambiwa akae, na pia anaambiwa akae, asije akarudi kwao kwa boti ya asubuhi kila akiudhiwa. Hilo ndilo fumbo la mtu wa zamani.

---

Mtumbwi99

Bi Msusi wewe ungefaa polisi.

Ila naomba kusema kitu: AMRI nayo ina herufi nne. AJAYE KWETU NA AMRI... Na kwa sifa za bibi tulizosikia, mimi naiona inatosha kabisa. AFYA pia ni nne. Ajaye kwetu na afya, yaani wenye mafua wabaki kwao.

---

MjukuuWaKonde

Kaka Mtumbwi, nimemsomea mama mkubwa hiyo ya AMRI, amesema ukifika Konde utapewa jamvi la kukaa juani.

Bi Msusi, kubananisha hapana, hata siku moja. Nimekwenda kupima mikeka miwili ya zamani iliyoko nyumbani, huo wa KARIBU UKAE na mwingine aliomsukia mama alipoolewa. Mwanzo na mwisho sawasawa, ukipinda katikati herufi zinagawanyika.

Mama mkubwa hata hivyo hajakubali. Anasema "akae" ni laini mno, mama yake hakuwa mtu wa kumkaribisha mtu bila kumpa sharti. Maneno yake mwenyewe: "Kaanza upole kaburini?" Nikamkumbusha kwamba huo wa nyumbani nao una UKAE ndani yake, akasema ndiyo, lakini una SI UKAGUE nyuma yake. Kwa kweli hapo sikuwa na jibu.

Kisha mama, ambaye hajasema kitu tangu msiba, akatuambia tuache kelele. Anasema bibi siku zile za mwisho alimuuliza kama huyo biharusi wa Unguja ana mama. Mama akamjibu hajui. Bibi akasema, "Kama hana, basi mkeka usimkaripie." Akaendelea kusuka.

Kwa hiyo tumeelekea kwenye AKAE. Mama mkubwa amekubali kwa sharti lake: upindo wa pembeni ausuke yeye, na hataki mtu amchagulie rangi.

Lililobaki ni mikono. Herufi tatu na nafasi ya mwisho. Mama mkubwa ana ukili mzuri kuliko wengi, lakini herufi hakujifunza, alikuwa akisema hiyo ni kazi ya mama yake. Ungekuwa na mtu huku Pemba wa kutuelekeza? Au tukuletee Unguja? Binamu yangu anavuka kwa boti wiki ijayo.

---

Fundi wa Vyungu

Dada, huyo mama yako asimulie zaidi, na wewe uwe karibu na simu ya kurekodi. Kwetu tulikaa tukiongea habari za vyungu tu, nyimbo zile za bibi hakuna aliyezirekodi, na mbili kati yake alizitunga mwenyewe. Mimi nakumbuka beti moja moja. Mama mkubwa naye arekodiwe akisoma hilo daftari la madeni kwa sauti, hata pale penye "muongo". Hasa pale.

---

Ustadh wa Mtaani

Na hao waliopewa "muongo" wakumbusheni walipe, kwani deni la maiti kwa watu ni mali ya warithi. Ila kabla ya kurekodi majina, hifadhini kwa familia. Msiyatie mtandaoni.

---

Msusi wa Makunduchi

Mlete kwangu, au aje huyo mama mkubwa mwenyewe, ndiyo bora zaidi. Herufi tatu nitamfundisha kwa kukaa naye, K na E ni nyepesi, zina mistari iliyonyooka, A ameshaiona kwa mama yake. Aziweke yeye kwa mkono wake, mie nitakuwa pembeni. Mkono wangu ni mzito kuliko wenu, nikisuka mie itaonekana.

Mdaa msinunue kwa mtu yeyote anayekwambia anao. Ninao mizizi, nitachemsha mwenyewe chane zikiwa zimekwisha kuchanwa kwa upana ule ule. Kwa hiyo binamu aje na chane mbili tatu nyeupe alizoziacha marehemu, niuone upana wake. Mama mkubwa atafute kama kuna ukindu wa bibi uliobaki darini, maana wa mavuno mamoja unakunywa rangi sawa, na wa sasa hivi utaonekana mbichi.

Na hizo chane zinazoning'inia mwisho wa ukili, mtu asizikate wala asizifunge fundo. Zilowesheni maji kidogo, mzikunje pamoja ndani ya kitambaa cha pamba, msafiri nazo hivyo. Zikikauka njiani zinavunjika pale pale aliposimama, na hapo hatuna pa kuungia.